Paa wa Saadia

Mtu wa Mji wa Kale akikwambia anakwenda kuwinda, mtazame mikono yake kwanza. Mikono ya Faraj bin Taib ilikuwa mikono ya sindano. Tangu ujana alikaa barazani kwake, Kibokoni, akishona kofia nyeupe, zile za vitundu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja huzungushiwa uzi peke yake, na kofia moja humla fundi mwezi na zaidi. Ni kazi ya heshima, wala hapakuwa na aliyemzidi Mvita nzima. Lakini kazi ile hula macho ya mtu polepole. Faraj alipofika makamo aliweza kutunga uzi kwenye sindano kwa mara moja, ila mtu akisimama ng'ambo ya njia hamjui ni nani mpaka aseme. Majirani walikwisha kumzoea. Wakipita walimtolea salamu na kumtajia majina yao, naye akaitika bila kuinua kichwa.

Basi huyo ndiye aliyetoka nyumbani asubuhi moja, miaka ile reli ilipokuwa bado mpya, amebeba begani gobori la marehemu babake, kaliviringisha ndani ya mkeka mkuukuu. Na watu wa baraza mwawajua. Hawakumwacha apite.

"Yakhe Faraj!" akaita Abdulhalim, jirani yake, mtu wa maneno mengi. "Wenda kupigana na nani na mapema hino?"

"Nenda bara. Kuwinda paa."

"Paa! Wewe? Paa mwenyewe atakushika mkono akuvushe njia!"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Faraj hakucheka, wala hakukasirika. Alisimama tu akiwatazama kwa upande, kama atazamavyo mtu asiyeona mbali, na vicheko vikakatika kimoja kimoja, kwa sababu kila mmoja pale alikumbuka kwa nini fundi kofia anakwenda kuwinda. Abdulhalim akainuka, akamfuata mpaka pembeni.

"Nisamehe, ndugu yangu. Ulimi hauna mfupa. Mama Swabaha yuwaje leo?"

"Vile vile."

"Mungu akupe utakalo."

"Amin," akasema Faraj, akashika njia ya stesheni.

Mama Swabaha ni Saadia, mkewe. Alikuwa kitandani tangu kabla ya Ramadhani, kifua kimemkamata, na kila juma lililopita lilimwacha mdogo zaidi kuliko lililotangulia. Alifukizwa, akanyweshwa kombe la aya za Kurani, akasomewa Yasini, akapelekwa hata kwa daktari wa Kizungu aliyemgonga mgongo kwa vidole na kutikisa kichwa. Kukohoa amekohoa, na watu wengi hukohoa wakapona. Kilichomtia Faraj hofu ni chakula. Saadia aliacha kula. Binti yao, Swabaha, alirudi kutoka kwa mumewe kuja kumuuguza mamake, akapika kila alijualo: samaki wa kupaka, mtabaki, uji wa ngano, tambi za sukari. Mama akigusa kwa ncha ya ulimi, akigeuza uso kwenye ukuta. "Hakishuki, mwanangu," akisema. Wala hakuwa akijidekeza. Chakula hakikushuka kweli.

Kisha siku moja alasiri, bila kuulizwa, akasema, "Baba Swabaha, nataka paa."

Faraj alidhani anaweweseka. "Paa gani, Saadia?"

"Mchuzi wa paa. Ule mamako alionipikia siku niliyoingia nyumba hii." Akapumzika kidogo, maana maneno nayo yalimchosha. "Nikila ule, na vingine vitashuka. Najijua."

Ndivyo watu wa pwani wanavyoamini, na mimi siwalaumu: mgonjwa akikitaja kitu kwa jina lake, kitu hicho ni dawa yake, tafuta umpe. Swabaha akamtazama babake. Faraj akatazama mikono yake. Akaitika, "Utakula, inshallah," akatoka nje akalia peke yake ukumbini kama mtoto.

Maana paa ungempata wapi? Sokoni palikuwa na mbuzi, ng'ombe, hata ngamia siku za harusi. Paa huwindwa na watu wa bara, na watu wa bara hawachinji kwa bismillahi. Nyama yao ni safi kwao. Kwa Mwislamu ni kibudu, haina tofauti na mzoga. Zamani mtaa ule ulikula paa kwa sababu ya mtu mmoja tu, Taib, babake Faraj, msasi aliyejulikana mpaka Rabai. Alimchukua mwanawe mwituni mara kadhaa amfundishe. Mwana akaogopa mlio wa bunduki, akaogopa miiba, na damu ikamtia kichefuchefu. "Huyu nimeletewa na sindano yake mkononi," Taib akiwaambia watu, akicheka, lakini kicheko kile kilikuwa na uchungu ndani yake na Faraj aliusikia. Neno moja tu alilolishika katika yale mafunzo ni hili: risasi humwangusha mnyama, kinachomhalalisha ni kisu. Lazima umfikie angali na roho, umlaze, umwelekeze kibla, utaje jina la Mungu, ukate. Ukimkuta amekufa, umechelewa, muachie fisi.

Gari la moshi likamshusha Mazeras, na Benard, aliyekwisha kupelekewa salamu, alikuwa akimngoja. Huyu Benard alikuwa Mrabai, mtu wa misheni, kichwa chake cheupe kama pamba, na katika ujana wake ndiye aliyefuatana na Taib mwituni. Yeye hufuata nyayo, Taib hupiga, Benard humshika mnyama miguu, Taib huchinja. Aliposikia habari ya Saadia hakuuliza mengi.

"Wewe mwana wa Taib," akamwambia, "mimi nitakuonyesha paa. Kumpiga ni juu yako."

Lo! Afadhali wangemwomba kuhamisha mlima. Siku ya kwanza mvua iliwakuta katikati ya pori, si msimu wake, ikamwagika kama iliyoitwa. Faraj alikuwa ameifunga baruti ndani ya kilemba chake, akavua na kanzu akaifunika, akakaa chini ya kichaka na fulana akitetemeka meno. Paa akatokea! Akasimama pale pale, Benard akisema mbele yako, mbele yako, masikio ya mnyama yakicheza. Faraj akafyatua. Fataki ikalia *tap*, basi. Baruti ilikuwa uji. Paa akawatazama kama anayeshangaa watu hawa wametoka wapi, akaenda zake bila haraka.

Siku ya pili jua likawaka, baruti ikaanikwa ikakauka. Wakanyata asubuhi nzima, miiba ikimchana Faraj miguu, siafu wakimpanda mpaka kiunoni naye hawezi kupiga kelele. Hatimaye Benard akamgusa bega, akanyosha kidole. Faraj akaona kitu chekundu-chekundu kimeinama kwenye majani. Akashusha pumzi, akalenga kama alivyofundishwa, akapiga. Pigo zuri, wallahi, katikati kabisa. Kitu hakikuanguka. Akatia tena baruti, akapiga mara ya pili. Kitu kimetulia tu. Hapo Benard akaketi chini, akajishika mbavu.

"Mwana wa Taib," akasema akifuta machozi ya kucheka, "umekiua kichuguu mara mbili. Paa aliondoka na mlio wa kwanza. Alikuwa upande ule."

Faraj naye alianza kucheka. Akacheka, akacheka, kisha kicheko kikageuka katikati ya njia, akawa analia kwa sauti, na gobori mapajani mwake. Hakujali aibu. Alimwona Saadia amegeuza uso ukutani. Alimwona babake pia, akitikisa kichwa. Benard akaacha kucheka, akavunja kipande cha muhogo akampa. Wakala pamoja.

"Kesho," akasema mzee baadaye. "Kesho hutaangalia kwa macho yako. Utaangalia kwa mkono wangu."

Na ndivyo walivyofanya. Asubuhi iliyofuata Benard alisimama nyuma ya Faraj, kifua chake mgongoni kwake, mkono wake umelala juu ya mtutu, akiusogeza nywele kwa nywele. Faraj aliona majani tu, ukungu wa kijani. Aliusikiliza mkono. Mkono ukasimama, na pumzi ya mzee ikasimama. Faraj akafyatua.

"Ameanguka!" Benard alikwisha kukimbia. "Ameanguka, Bwana Faraj! Njoo na kisu!"

Sasa hapa ndipo ninapotaka kumshika mtu kwa kola nimuulize: ni nini hiki Mungu alichoandika? Mzee yule mwenye mvi alipenya msituni kama kijana, na Faraj nyuma yake, kisu mkononi, akafuata sauti. Moshi wa baruti ulimjaa machoni, nayo macho yenyewe mwayajua. Akaingia kichakani, akatokea upande wa pili, hakuna mtu.

"Uko wapi?"

"Huku! Huku! Ana roho! Nimemshika!"

Akageuka, akaenda huku. Mizizi ikamwangusha, akainuka, kisu hakipo. Akapapasa majani kwa mikono miwili kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, akikitukana kisu, akijitukana mwenyewe. Akakipata. "Njoo, bwana, anakata roho!" Benard alikuwa amepiga magoti juu ya paa, ameikamata miguu, na kiunoni mwake panga limening'inia, panga kali lililokwisha kufyeka njia asubuhi yote. Angeweza kuchinja mara kumi. Hakuligusa. Alijua tangu siku za Taib kwamba kukata kwake hakuhesabiki, kwa hivyo akashika tu na kuita, akashika na kuita, sauti ikimkauka, mpaka akaacha kuita.

Faraj alipotokea, mzee alikuwa ameketi kando na ameachia miguu.

"Sasa hivi," akasema Benard. "Ungewahi kwa muda wa chafya moja tu, ungemkuta."

Alikuwa paa jike mdogo, manyoya ya shingoni mepesi kama ya paka. Jicho lake lilikuwa wazi. Faraj akamshika, akamkuta moto bado. Akatia kidole puani mwake. Akaweka sikio kifuani. Akakaa hivyo muda mrefu, na ndege wakaanza tena kulia.

Benard akageuka, akamwonyesha mgongo. "Mimi natazama huku," akasema taratibu. "Macho yangu hayakuona kitu. Mkeo ni mgonjwa, Bwana Faraj. Kata."

Na Faraj akakata. Alimwelekeza kibla, akasema bismillahi, sauti ikamtoka kama ya mwizi, akapitisha kisu. Damu ilitoka. Ilitoka nyeusi, ikachuruzika kidogo kwenye majani, ikasimama. Akaifuta kwenye kanzu yake, nami nadhani alifanya hivyo makusudi, ionekane.

Njia nzima ya kurudi, ndani ya gari la moshi, alijadiliana na nafsi yake. Mguu ulitikisika nilipomgusa. Si ulitikisika? Labda ulitikisika. Moto alikuwa moto. Na hata kama, mtu aliye katika dhiki ana ruhusa yake. Saadia yu katika dhiki. Nafsi ikamjibu kwamba ruhusa ni ya asiyekuwa na chakula kingine, na nyumbani kwake kuna mchele. Akaiambia inyamaze. Alipofika Mvita watu walikwisha kumwona na mzigo wake uliofungwa majani, na habari ikamtangulia. Abdulhalim alimpokea njiani kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mwana wa Taib! Leo nimejua wewe ni mwana wa Taib!"

Maisha yake yote Faraj alitaka kuambiwa neno lile. Akapita bila kuitika.

Swabaha alipika kama aliyeletewa mgeni wa mbali. Alikuna nazi mbili, akatwanga bizari mbichi, akaitia nyama kwenye chungu cha bibi yake na ndimu na tangawizi, akaiacha kwa moto mdogo. Harufu ikapanda ngazi, ikaingia vyumbani, ikatoka mpaka njiani. Na chumbani Saadia akaomba ainuliwe. Ainuliwe! Mtu ambaye siku zote zile alikuwa akigeuzwa kwa shuka. Swabaha akamwekea mito mgongoni, akamfunga leso mpya, na mama akakaa, macho makubwa katika uso mdogo, akitazama mlango.

Chungu kikaletwa chumbani chenyewe, maana ndivyo alivyotaka, akione kikifunuliwa. Faraj aliketi ukingoni mwa kitanda. Swabaha akachukua kipande laini, akakiweka juu ya kisahani, akampa mamake mkononi. Saadia akakishika kwa vidole vitatu. Akakinusa, akafumba macho, akatabasamu.

"Ni ule ule," akasema. "Kanambie, Baba Swabaha. Ilikuwaje?"

Faraj akamhadithia mvua. Akamhadithia kichuguu, na Saadia akacheka mpaka akakohoa, Swabaha akamshika mabega. Kikohozi kilipotulia, kipande bado kimo vidoleni mwake, akauliza lile ambalo binti yeyote wa mchinjaji angeuliza. Na babake Saadia alikuwa mchinjaji, aliishi na kisu na kibla tangu utotoni. Hakuuliza kwa kumpima mumewe. Aliuliza kwa fahari, apate kuifurahia sifa.

"Na ulipokata, damu iliruka?"

Jibu lilikuwa neno moja. Iliruka. Faraj alikuwa nalo tayari, amelichukua tangu Mazeras. Akafungua kinywa, akamwona mkewe anasubiri, amekwisha kuamini kabla hajaambiwa. Akafunga kinywa. Akakifungua tena.

"Weka chini, Saadia," akasema.

Swabaha akaruka. "Baba!"

"Weka chini, mke wangu. Haikuruka. Nilichelewa. Nilipotea kichakani, nikaangusha kisu, nikafika amekwisha kufa. Nikamkata maiti."

Saadia alikitazama kile kipande kama mtu anayeagana na msafiri, kisha akakirudisha kisahanini polepole, na vidole vyake akavinyosha mbele mbali na shuka, avioshwe. Swabaha akaleta maji na birika, analia, anamwaga maji sakafuni na mikononi vilevile. Faraj alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Ningekula ungeninyamazia?" akauliza Saadia.

"Nilidhani nitaweza."

"Umetoka huku nyumbani na macho yako hayo," akasema, "ukaenda kulala kwa watu, ukanyeshewa, kwa ajili yangu." Akapumua. "Hata babako hakuniwindia vile. Yeye alikuwa akiwinda tu."

Faraj hakuweza kuinua uso. Alisema kwamba atakitoa chungu, akimwage mbali, akivunje. Akainuka kweli, akakamata kitambaa cha kushikia.

"Wacha," akasema Saadia. "Kitavunjwa baadaye. Swabaha, huko jikoni kuna wali?"

"Upo, mama. Mweupe tu. Sikuutia kitu."

"Haujagusana na hiki?"

"Haujagusana."

"Niletee. Nawe, Baba Swabaha, kunusa hakujaharimishwa. Kisogeze hapa."

Wakaleta wali mkavu kwenye bakuli safi. Chungu kikasogezwa kando ya kitanda, kikafunuliwa, na Faraj akachukua kipepeo cha ukili kilichokuwa kikitumiwa kumpepea mgonjwa joto, akaketi sakafuni, akaupepea mvuke kuelekea usoni kwa mkewe. Saadia akafinya tonge dogo, akalitia kinywani. Swabaha akaacha kulia, akatazama koo la mamake. Likashuka. Akafinya la pili, likashuka. Aliishi siku nane baada ya hapo, na wali ule ndio chakula cha mwisho alichokula akashiba. Lakini jioni ile hawakujua hivyo, nao walikuwa na furaha.

"Usiache," akasema, kinywa kimejaa wali. "Bado naisikia."

Faraj akapepea mpaka chungu kikapoa.